Mbwa wa Cheti

Riruta Satellite, 2 Februari 2025

Kukhu wangu,

Goti linasemaje? Na yule jirani yako Nduku anayekusomea hii barua naye namsalimia, tena asiruke mistari kama mara ile.

Huku tuko sawa. Kabiru wangu anaamkia kazi, mama yake, Mama Rahab, anaamkia wapangaji. Ila wiki iliyopita wezi waliingia kwa ploti, wakabeba mitungi mitatu ya gesi na nguo za mpangaji wa juu zikiwa bado mbichi kwa kamba. Mama Rahab akasema mbele ya watu wote, "Mourine ndiye atatutafutia mbwa." Kukhu, nina miezi mitano tu tangu niolewe hapa, na hii ndiyo kazi ya kwanza nimepewa mbali na kupika. Nataka niifanye vizuri.

Kuna njia mbili. Upande wa Karen kuna makao ambako wanaokota mbwa waliotupwa, wanawatibu, wanawachanja, halafu wanakupa. Lakini wanakuhoji kama mtu anayeposa, na lazima waje kuona mahali mbwa atalala. Ya pili ni mfugaji wa hapa Kawangware. Wanasema ana mbwa aina ya Jerman, wa damu safi, na kila mbwa ana cheti. Ningechukua mtoto wa mbwa wako Malkia, lakini unajua mama mkwe hatataka koko wa Kibera langoni kwake. Malkia amezaa tena?

Ungekuwa mimi ungefanyaje?

Mjukuu wako,
Mourine


Laini Saba, 6 Februari 2025

Mourine, mtoto wa mtoto wangu,

Umeamka? Unakula? Usinidanganye kwamba unakula, mtu anayepikia nyumba nzima hula masufuria. Mimi nipo. Goti la kushoto limegoma, la kulia linalivuta. Kwa simu nasikia mvumo tu kama jiko la mafuta, kwa hivyo nimekaa hapa na Nduku, mimi nasema, yeye anaandika kwa meza ya cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengeneze.

Enda kwa wale waokotaji wa Karen. Mbwa aliyetupwa akishibishwa hasahau nani alimshibisha. Wakikuhoji, jibu. Wakitaka kuona mahali pa kulala, waonyeshe. Mtu akija kukuhoji hivyo ni kwa sababu anajali mbwa ataenda wapi. Anayeuza hakuulizi kitu.

Cheti ni karatasi. Hata mimi Nduku akinigongea muhuri nitakuwa Jerman. Nduku anacheka, lakini mimi sichezi. Usinunue mbwa Kawangware. Wala usiniulize kwa nini, nimesema usinunue.

Kunywa uji.

Kukhu wako


Riruta Satellite, 20 Februari 2025

Kukhu,

Natumai umeamka salama. Mimi nimeamka na kitu moyoni na wacha nikitoe.

Barua yako iliniuma. Tangu nikiwa mdogo ni "chukua cha kupewa." Sare ya shule ya kupewa, viatu vya kupewa, cha kushoto kimeisha kisigino. Nilishukuru. Lakini hapa nimeolewa kwa watu wenye ploti, na kila nikifungua mdomo wanangoja Kibera itoke. Siku ya kwanza kutumwa kitu nirudi na mbwa wa kuokotwa?

Nimenunua. Jamaa anaitwa Geoffrey, ana kibanda nyuma ya duka la rangi, upande wa Kabiro, hapo Kawangware. Mtoto wa mbwa ana mgongo mweusi tititi, miguu ya kahawia, na masikio yamebandikwa plasta yasimame. Cheti kina muhuri na picha ya mbwa. Mama Rahab alimfunika kwa shali yake, akamwita Inspekta. Akaniambia, "Umechagua kama mtu aliyezaliwa hapa." Kukhu, sijawahi kuambiwa kitu kama hicho.

Usikasirike. Nilitaka tu ujue.

Mjukuu wako,
Mourine


Riruta Satellite, 24 Machi 2025

Kukhu,

Wiki nne na zaidi hujanijibu. Okeyo anayetubebea barua anasema uko mzima, unakula, ila ukiona pikipiki yake unaingia ndani. Nimekukosea nini? Au ni ile barua? Basi wacha nikupe sababu ya kunicheka.

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi huu mama mkwe alikuwa na wanawake wa chama chake. Akasema Inspekta aogeshwe aje aonyeshwe. Nikaweka beseni uani, wote wamekaa na chai. Kumwaga jagi la kwanza, maji yakawa meusi kama wino. La pili, mgongo ukawa kahawia kama mkate. Plasta zikaachia, masikio yakalala. Waithira, yule mwenye duka la mbao, akasema, "Rahab, mbwa wako anapaka nywele kanta nyeusi kama mimi." Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai mapajani. Mama Rahab hakucheka. Alisema polepole, "Mourine, toa hiki kitu kwangu." Nilienda kwa Geoffrey, kibanda kimefungwa, wanasema amehama.

Nikampeleka yule mtoto Karen kwa wale uliosema. Kwa fomu wakauliza ametoka wapi. Nikaandika haijulikani. Alilia nikiondoka.

Baada ya siku chache walikuja kukagua ukuta wetu, wakatupatia mbwa jike mzima, sikio moja limeraruka. Hana cheti. Anaitwa Tulia. Analala kwa lango, na juzi usiku alimshika mtu suruali juu ya ukuta.

Sasa mama mkwe akaniuliza nani alinishauri kwenda kule. Nikamwambia Kukhu yangu, na kwamba ulinionya mapema nikakaidi. Basi amekuwa akisimulia kila mgeni. "Mwanamke hajakaa darasani hata siku moja, na hakuna tapeli angemuuzia." Anataka uje Pasaka. Anasema atakupikia mwenyewe, kwa mkono wake.

Tafadhali nijibu.

Mjukuu wako,
Mourine


Laini Saba, 29 Machi 2025

Mourine,

Sikuulizi umeamkaje. Nitakuuliza mwishoni kama bado utataka niulize.

Huyo mtoto wa mbwa ni wa Malkia.

Nduku ameacha kuandika, ananiangalia. Nimemwambia, andika. Nimemficha hata yeye, ukuta ni wa mabati na hajajua. Andika, Nduku.

Malkia amezaa mara mbili tangu uondoke hapa. Geoffrey alikuja akaona watoto, akasema, mama, hawa wakipakwa rangi kidogo wanaenda kwa nyumba za matajiri zenye mageti. Mara ya kwanza alipaka yeye. Alipaka vibaya, kanta ikaingia mbwa machoni, nikamwambia toka, leta hapa. Kuanzia hapo nilipaka mimi. Kanta ile ile ninayopaka kichwani kabla ya sikukuu, kwa mswaki wa zamani. Plasta za masikio nilikata mimi. Nilikuwa nawatoa kwa mama yao kabla hawajamaliza mwezi, kwa sababu Geoffrey anasema wakiwa wadogo ndio watu wanasema "oo". Malkia alikuwa anazunguka nyumba akiwatafuta, nami nampa mifupa anyamaze.

Ungetaka niseme ni njaa. Nduku naye anasema niseme ni njaa, utanielewa haraka. Haikuwa njaa. Nilikuwa na unga. Nilipenda. Nilipenda kufikiria watu wa mageti wakilaza kwa blanketi mbwa wale wale wanaowapiga mawe wakipita huku kwa reli. Tulikuwa tunakaa na Geoffrey tunacheka. Nilijiona mjanja sana. Miaka yote nimefua nguo za watu wa namna hiyo wakinihesabia sabuni, nikaona sasa mimi ndiye ninayejua kitu wasichojua.

Halafu ukaandika unatafuta mbwa Kawangware. Nikajua ni yeye. Ningesema neno moja tu, usinunue kwa Geoffrey kwa sababu mimi ndiye kiwanda chake. Sikuweza. Nikakutuma Karen kwa maneno mazuri, ili nisionekane. Hiyo ndiyo hekima wanayosimulia wageni hapo kwenu. Mimi nilikuwa najificha, wewe ukasikia ushauri.

Uliposema umemnunua, na umeambiwa umechagua kama mtu aliyezaliwa hapo, nililala na hiyo barua chini ya mto. Nilijua kanta inatoka baada ya kuoshwa. Nilijua, Mourine. Nikanyamaza wiki nne nikitumaini hamtamuosha.

Sitakuja Pasaka. Mkono wa Rahab usinipikie mimi.

Umeamkaje?

Kukhu wako


Laini Saba, 14 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Natuma na mayai, Okeyo asiyavunje. Hujajibu na hiyo ni haki yako. Huku mvua imeanza, maji yamepita chini ya mlango lakini kitanda kiko juu. Malkia yupo. Geoffrey alikuja, nikamfukuza na ndoo. Hiyo sisemi ili unisifu.

Nataka tu kujua kama kifua hakikubani na hii baridi.

Kukhu


Riruta Satellite, 2 Mei 2025

Kukhu,

Kifua ni kizima. Mayai yalifika, moja limepasuka. Usitume mengine.

Sikujibu kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika maneno ambayo Nduku hawezi kukusomea.

Si mbwa aliyeniuma. Hata si kicheko cha wale wanawake, hicho nimezoea. Ni kwamba mama mkwe anakusifu mezani na mimi nimekaa pale nakata sukumawiki, namwambia "eee". Pasaka alikuwekea sahani. Alipika mukimo, akachinja kuku, akaweka kiti upande wa dirisha, kila saa anauliza umefika wapi. Nikasema goti. Kabiru akajitolea kukufuata na gari la rafiki yake, nikasema goti haliwezi gari. Sahani ilikaa mpaka jioni, akaifunika kwa nyingine akasema nikuletee. Nilikula mimi, jikoni, nimesimama.

Sasa kuna mdanganyifu mwingine katika hii familia, na ni mimi. Nilikuwa naona aibu wakijua nimetoka Kibera. Sasa naona aibu wakikusifu. Aibu ya kwanza ilikuwa rahisi kubeba.

Umeniambia ukweli mimi. Mimi si mwenye lango. Mwenye lango ni Mama Rahab, na sitamwambia kwa niaba yako, na kuendelea kukuficha kumenichosha. Uje umwambie, au nikae hivi nikikata sukuma mpaka nishindwe kuja kwako. Sijui namna nyingine.

Bado ni mjukuu wako,
Mourine


Laini Saba, 15 Mei 2025

Mourine, mama yangu mdogo,

Salamu nitakupa ana kwa ana. Jumapili nakuja.

Nilianza na Karen, kwa sababu hao hawanijui na nilitaka kujizoeza. Nilitembea na kupumzika, kutembea na kupumzika, nikafika saa sita. Nikamwambia dada wa mezani, kuna mtoto wa mbwa hapa mmeandika haijulikani ametoka wapi. Ametoka kwangu. Nikamweleza na kanta. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alinipeleka nikamwona. Amekua, masikio yamelala vile vile, mgongo ni wa mama yake. Hakunijua. Kwa nini anijue, nilimshika siku moja tu ya kumpaka.

Nikaomba nirudi naye kwa Malkia. Dada akasema, "Cucu, hatuwezi kumpa mbwa mtu anayeuza." Nikamwambia, mko sawa. Ni mara ya kwanza nimefungiwa mlango nikakubaliana na aliyeufunga. Wamesema Malkia apelekwe wiki ijayo wamfunge uzazi, na nitampeleka. Nikarudi, nikalala mchana kutwa kama mgonjwa.

Sasa sikiliza ninavyotaka. Usimwambie Rahab mapema. Usimwandalie moyo, usiseme "Kukhu ni mzee." Usinipunguzie. Asipike, na akipika usimzuie, lakini mimi sitakula kwanza. Nitasimama nje ya lango. Nitamwambia mimi ni Musimbi, ndiye ninayesifiwa hapa, na ndiye niliyempaka rangi yule mbwa kwa mkono huu. Nitasema na ile ya kucheka na Geoffrey. Nikimaliza, yeye ataamua kama lango linafunguka.

Lisipofunguka, usitoke kunifuata. Hapo ndipo unapokaa. Rudi ndani ukae na watu wako, mimi nitajua njia ya kurudi Laini Saba. Nimeshatembea mbali zaidi na mzigo kichwani.

Nduku anataka kuja nami anishike mkono. Nimemkatalia. Nimemwambia barua zote hizi amebeba maneno yangu, haya ya Jumapili nitayabeba mwenyewe.

Huyo Tulia wenu nasikia ni mkali. Mfunge, tafadhali. Mimi ni mgeni asiyejulikana.

Kukhu wako