Nilivyohubiri Amani Gerezani

Hyasinta mpwa wangu, huko Mbeya,

Mjomba wako nimekuwa staa! Jumamosi tulikuwa na tamasha la amani hapa mtaani kwetu Gerezani, taarabu na kwaya jukwaa moja. Nikapiga lizombe, ngoma yetu ya nyumbani, mpaka madirisha ya hospitali kule Upanga yakatikisika. Wagonjwa wawili walishuka vitandani wakacheza, mashahidi wapo.

Kisha nikashika maiki, nikahubiri amani mpaka mapolisi wakalia. Ndipo Hajira, jirani yangu muuza kanga, akapaza sauti: "Vitalis, tuache bwana! Dada yako mwenyewe hamsemezani!"

Uwanja mzima ukacheka. Unajua mama yako hapokei simu zangu tangu nilipokosa mazishi ya bibi yako, miaka sita sasa. Nikasema leo ndiyo leo. Nikampigia palepale kwa simu ya Hajira, nikaiweka kwenye maiki. Watu elfu kumi, kimya!

Akapokea.

"Shikamoo dada Leticia. Ni Vitalis. Nilikosa, nisamehe."

 Akauliza, "Umekula?"

Mpwa wangu, mimi huyu huyu nikamrudishia Hajira simu yake. Hajira ndiye aliyemjibu: "Bado, dada. Analia."

Ni mimi mjomba wako, simba wa lizombe,
Vitalis