Bibi Aliyekubali Wali Wetu

Shikamoo Mama,

Nnakuandikia kutoka milima ya Lushoto, ndani ya lile gari lenye vitanda ulilosema litatuua. Gari halina neno, Mama. Kinachotuua ni malezi yako.

Jana mchana tuliegesha kando ya barabara, ukungu mpaka kwenye vioo. Asha akapakua wali wa nazi, mlango wazi. Bibi mmoja akapita na mzigo wa kuni. Mimi, Asha na Rukia tukamwita kama ulivyotufunza: "Karibu tule, bibi!"

Hapo kwetu Mji Mkongwe angejibu, "Ahsante, nshakula," akaenda zake. Huyu alitua kuni, akanawa, akala mpaka ukoko. Sisi tunatazamana tu.

Aliposhiba akatualika kwake, kuna ugali na maharage motoni. Matumbo yananguruma, tukajibu kwa pamoja: "Ahsante bibi, tushakula!"

Akatuamini. Akajitwika kuni zake, akaondoka.

Kesho twateremka Pangani, kwa watu wa pwani wenzetu wanaojua kukataa. Nakubusu mikono, Mama. Siku tukirudi tupikie biriani, na tukisema tumeshiba, usituamini.

Mwanao,
Maryam