Jina Kwenye Kitako cha Bunduki

Dada mpenzi,

Sisi wazima, ila goti la mama bado linamsumbua.

Juzi mwindaji mmoja aliniletea bunduki aliyorithi kwa mjomba wake, kitako cha mbao kimepasuka. Nilipopiga msasa kuondoa vanishi ya zamani, nikakuta jina la marehemu baba limechongwa, kwa herufi zake zilezile za kulalia kushoto. Baba yetu, aliyeapa kwamba hajawahi kushika bunduki!

Mwindaji akaniambia, "Mjomba aliachiwa na askari mwenzake aliyetoroka vitani."

Nikamwonyesha mama. Akalipapasa lile jina, akasema, "Lifute, mwanangu," akarudi jikoni.

Nimechanganyikiwa, dada. Ufa nimeuziba, lakini jina nimeshindwa kulifuta. Nimepaka vanishi mpya, likazidi kuonekana. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ulikuwa unajua?

Mdogo wako,
Fundi