Kwa Winfred Akongo, Aliyetulaza Kichwa Chini

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukusindikize kaburini hapa Kirewa, Winfred, na mama yako bado anasonga ugali wa wimbi kwa kipimo chako. Kaka yako Jacktone analazimika kula fungu lake na lako. Hajalalamika.

Ulizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu usioelewana na hewa nyepesi, ndiyo maana daktari alikukataza milima. Mtoto mwingine angeuogopa mlima. Wewe uliuonea wivu. Ulisoma hadi ukawa mtu wa kuuliza damu hufanya nini hewa ikipungua, na moyo hufanya nini mtu akielea huko angani kusikokuwa na juu wala chini. Wenzako walipanda mlima Elgon na vyombo vya kupimia. Wewe uliwangoja bondeni na maswali, na chai yenye tangawizi ya kukohoza wageni.

Kazi yako kubwa ya utafiti ilitaka wazee. Ulisema vijana wameshapimwa sana, lakini moyo wa bibi kizee hakuna aujuaye. Mzee alale kutwa kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa miguu, damu impande kichwani kama inavyowapanda watu wa angani. Wazee wa Kirewa walikataa wote.

"Huyu mtoto anatufundisha kulala kaburini," alisema mzee Osinya.

Bila wao kazi yako ingebaki nusu. Ulikonda kwa mawazo, nasi tuliona.

Basi nyanya yako, mama wa baba yako, akakitoa kitanda chake. Ukaweka matofali upande wa miguu, ukambandika waya wa kupima moyo kifuani. "Nyanya, usiinuke, usiseme, usicheke. Ukiharibu wewe, hakuna mwingine atakayekubali."

Mchana mke mwenza wake, Teopista, akachungulia dirishani. Aliona miguu juu, macho yamefumbwa, mdomo kimya. Hilo la mdomo ndilo lililomtisha.

"Wololo! Amekwenda! Mwenzangu amekwenda!"

Ua likajaa. Wengine walitoka Mukuju na kuku wa matanga. Ulisimama mlangoni ukiapa kwamba yu hai, lakini mjukuu anayekataa msiba hubembelezwa tu. "Lia, mama, usijizuie," walikuambia, wakakupita. Teopista akaanguka kando ya kitanda, akalia kwamba hajapata kuona mke mwenza mwenye roho safi kama huyu, na kwamba ile sufuria yake kubwa iliyopotea aliichukua yeye Teopista, si wezi wa Busia.

Nyanya yako alisikia kila neno. Kicheko kilimbana hadi machozi yakamtoka. Watu walipoona maiti inalia, nusu yao walikimbia kwa kupitia dirishani. Lakini hakutikisika, kwa sababu alikuwa anaona uso wako kupitia kope, na uso huo ulikuwa unamwomba.

Jioni ulimtoa waya. "Tumepata, nyanya. Tumepata yote."

Akaketi. "Teopista, sufuria iko wapi?"

Kijiji kizima kilicheka, na hofu ikaisha hapo hapo. Juma lililofuata wazee walikuja wenyewe. Mzee Akiror alikuja na mto wake kutoka nyumbani. Osinya alitaka apimwe mara mbili, akidai mara ya kwanza moyo wake ulikuwa na haya.

Uliimaliza kazi, binti yetu, kabla ugonjwa haujakumaliza. Mwaka huu imechapishwa, jina lako likiwa mbele. Wanaofunzwa kuwatunza watu wa angani sasa wanasoma mioyo ya wazee wa Kirewa. Nyanya yako aliisimamia isomwe kanisani, yote, pamoja na hesabu zake. Mchungaji aliomba ifupishwe. Aliombwa akae.

Wanaokukumbuka ni baba yako Obore, mama yako Metrine, kaka zako Jacktone na John Paul, nyanya yako mdogo Teopista, na nyanya yako mkubwa, aliyeandika haya kwa kuwa wenye digrii walikuwa wanalia.

Tutakukumbuka daima, Winfred, na tutajivuna bila kuomba ruhusa ya mtu.