Pampu Uliyoniomba Nikufungie

Fundi Omari, ndugu yangu,

Mungu akunawirishie kaburi lako. Ninakuandikia kwa sababu pampu ya umeme imefungwa katika gari lako la mbio, na inafanya kazi. Wewe ndiwe uliyestahili kuambiwa kwanza.

Habari za nyumbani ni hizi. Mkeo, Bi Mwanasiti, yumo katika eda. Huu ni mwezi wa tatu, naye hatoki ila kwa dharura. Rukia ameomba likizo kazini kwake Mombasa ili amkalie mamake. Gereji haina wateja. Mlango mkubwa umefungwa kwa kufuli, nasi twaingilia ule mdogo wa uani, unaotazamana na dirisha la chumba chenu. Jamvi lako la kulalia chini ya magari lipo vile vile ulivyolikunja. Hakuna aliyelikunjua.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu tangu tulipokuzika Mambrui. Imamu alituuliza kama tumekusamehe. Tukaitikia, "Tumemsamehe." Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote, kazi ya ualimu haikuniacha. Nilipoinama kutia mchanga, swali likanijia: na wewe je, nani atakuuliza kama umenisamehe mimi?

Unayajua yaliyotupitia, lakini acha niyaandike, kwa kuwa nimeyaficha mno. Ulikuja kwangu asubuhi na sanduku mkononi, umefurahi kama bwana harusi. Ulinieleza kwamba pampu ya kawaida huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikizimwa nayo husimama, na maji ya kuipoza husimama papo hapo wakati chuma kingali chawaka. Hii ya umeme hufungwa mbali na injini, hutumia betri, na huendelea kuzungusha maji hata baada ya gari kuzimwa. Ulisema, "Mtu aliyetoka mbio humwambii aache kupumua, Mwalimu." Kisha ukaniuliza, "Utanisaidia?" Macho yako yalikuwa hayaoni tena vitu vya karibu, na rangi za waya zilikuwa zikikuchanganya. Ulitaka macho yangu tu, kwa siku moja.

Nikakujibu kwamba kilichoundwa pamoja hakitenganishwi, na kwamba sitafunga hata waya mmoja. Ulicheka, ukadhani natania. Nikakuambia pia kwamba mzee wa umri wako anayeshindana na vijana kwa magari anajidhalilisha. Hapo hukucheka. Uliweka sanduku kwapani ukaondoka. Siku tisa hatukusemezana. Mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha njia nikitoka msikitini.

Siku ya kumi ulilitoa gari peke yako, na pampu yake ile ile ya zamani, ukaelekea Gongoni wakati wa jua kali. Likachemka ukikaribia mashamba ya chumvi. Wapita njia walikuona ukitembea na dumu tupu, ukitafuta maji mahali ambapo maji yote ni ya chumvi. Mtu wa bodaboda alikurudisha nyumbani. Alasiri kifua kikakubana, na kabla ya magharibi ulikuwa umetutoka. Daktari alisema moyo wako ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Kila mtu alilikubali neno hilo. Mimi nimelikumbatia kama mtu aliyekumbatia nguzo, na bado naona mikono yangu inateleza.

Wiki iliyopita Rukia alilivuta sanduku kutoka chini ya meza yako ya kazi. Akaja kwangu akaniambia, "Shikamoo, Ami. Nataka kuifunga pampu ya baba. Utanisaidia?" Omari, mtoto wako alitumia maneno yale yale uliyoyatumia wewe. Safari hii nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Tulifanya kazi siku tatu. Aliifungua pampu ya zamani akazing'oa panga zake zinazosukuma maji, akalirudisha ganda ili lizibe tundu. Mimi niliunga waya, nikaandika jina la kila mmoja kwenye kikaratasi. Kisha tukafika kwenye swali la mahali pa kuiweka pampu mpya. Nikachagua karibu na betri, juu, mahali safi panapoonekana, ili waya ziwe fupi na zimenyooka. Rukia akasema, "Ami, mama anajua baba alitaka kuiweka wapi. Tumuulize?" Nikamkatalia. Nilimwambia kwamba mwanamke aliye katika eda hasumbuliwi kwa mambo ya gereji, na kwamba si adabu mwanamume kusimama dirishani kwake akiuliza habari za mipira ya maji.

Tukajaza maji, tukawasha. Pampu ikaanza kulia kama kokoto ndani ya kopo. Mshale wa joto ukapanda, nami nikawa naukodolea macho nikisema utashuka, utashuka. Ukaingia penye nyekundu.

"Zimeni hilo gari!"

Ilikuwa sauti ya mkeo, nyuma ya pazia la dirisha. Rukia akazima. Nami nikaanza kuomba radhi kwa kumsumbua.

"Mwalimu," akanikata, "nimekaa eda, sikukatwa ulimi. Mmeiweka wapi hiyo pampu?"

Nikamwambia.

"Juu? Subhanallah! Hewa hupanda juu. Mkiiweka juu itameza hewa badala ya maji. Ikae chini kabisa, kwenye mpira unaotoka chini ya rejeta. Na mkijaza maji, inueni pua ya gari ili hewa itoke. Mume wangu alinisomesha pampu hiyo mwezi mzima. Nilikuwa nikimwambia, 'Bwana, mimi nimeolewa na wewe au na rejeta?'"

Rukia akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimekaribia kuiua injini uliyoiunda kwa mikono yako, kwa sababu ya ule ule ukaidi wangu, isipokuwa safari hii nilikuwa nimeuita adabu.

Tulifanya kama alivyosema. Jana Rukia aliliendesha mpaka Mambrui na kurudi, kwa mwendo ambao sitautaja. Alipoliingiza uani akazima ufunguo. Injini ikanyamaza, na chini yake pampu ikabaki ikivuma polepole, huku mshale ukishuka. Tulisimama tukiisikiliza. Pazia la dirisha lilitikisika kidogo. Nikajua kwamba mkeo naye anasikiliza. Kila ulichonieleza asubuhi ile kilikuwa kweli, Omari. Kila kitu.

Kisha Rukia akauliza, bila hila yoyote, "Ami, sanduku lilikuwa hapa tangu baba yu hai. Mbona hakuifunga?"

Ningeweza kumjibu kwamba hakujaaliwa. Neno hilo lilikuwa ulimini. Badala yake nikageukia dirisha, nikawaambia wote wawili: kwamba uliniomba, kwamba nilikataa, maneno niliyokutolea, na zile siku tisa. Sikupunguza kitu. Sijui nilisema kwa muda gani. Rukia alifunga boneti taratibu, akaingia ndani bila kunitazama.

Pampu ikajizima yenyewe. Kisha mkeo akasema, "Nitakujibu nikitoka eda, Mwalimu. Sasa hivi namlilia mume wangu. Sina nafasi ya kukulilia na wewe."

Basi nimerudi nyumbani, nimeketi, nakuandikia. Leo asubuhi Rukia hakuja kunijulia hali kama kawaida yake. Sikumtuma mtu kumwita. Ni haki yake.

Nakuahidi haya, ndugu yangu. Siku Bi Mwanasiti atakapotoka eda, nitakwenda kwenu. Nitamsikiliza nikiwa nimesimama, wala sitamtajia daktari. Akinifukuza, nitaondoka bila kujitetea. Akinisamehe, nitamshukuru, lakini sitajidanganya kwamba amenisamehe kwa niaba yako. Na Rukia akinihitaji tena kwa waya au kwa lolote, aniite saa yoyote. Sitamwambia siwezi.

Wewe sikuombi jibu, kwa kuwa najua huwezi kunipa. Nakuombea dua kila baada ya sala, na kila ninapomaliza hubaki nimeketi juu ya mswala kidogo, kama mtu aliyebisha hodi katika nyumba ambayo anajua wenyewe wamehama.

Lala salama, Omari.

Rafiki yako aliyekunyima siku moja,
Mwalimu Athmani