Kilo Mbili za Sukari kwa Jina la Shule

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Birmingham, 19 Novemba 2008
Kuhusu: mtoto aliyeangukiwa na goli shuleni
Jina: Sylvestre Mushagalusa. Umri: miaka 47. Kazi: dereva wa gari la mikate. Makazi: Alum Rock. Ametoa maelezo kwa Kiswahili, kupitia mkalimani.

Kwanza kabisa, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, nakiri mbele ya Serikali ya Malkia kwamba sukari iliyokutwa nyumbani kwa Mama Déborah, kilo mbili, nyeupe, niliipeleka mimi.

Wazazi walinichagua niwe mjumbe wa bodi ya shule anayosoma binti yangu Nabintu. Shule hiyo ni akademi: fedha ni za serikali, lakini wenyewe ni kampuni. Nilichaguliwa kwa sababu barua nazisoma hadi yale maandishi madogo ya chini.

Mnamo tarehe 4 Novemba, saa tisa na robo alasiri, nilikuwa nje ya uzio wa shule nikimsubiri Nabintu. Nilimwona Déborah, mtoto wa miaka tisa, akining'inia kwenye goli la chuma uwanjani. Goli lilipinduka, likamwangukia mkono wa kulia. Mifuko ya mchanga ya kulishikilia kwa nyuma haikuwapo. Niliingia mbio, tukalinyanyua watu wanne. Mtoto hakulia. Aliniuliza kwa Kiingereza kama atagombezwa.

Mama yake, Dative, alikwenda halmashauri. Wakamwambia shule ile si yao. Shuleni wakamwambia goli liliwekwa na mkandarasi. Mkandarasi akasema alishakabidhi kazi. Jioni Dative aliniuliza, "Papa Nabintu, basi mtoto wangu ameangukiwa na nani?"

Kwetu Bukavu, mtoto akiumia kwenye kiwanja cha mtu, mwenye kiwanja huenda kuketi na wazazi, wala haendi mikono mitupu. Nilingoja mwenye kiwanja aende. Wiki ikapita. Nikafikiri: mwenye kiwanja si bodi? Na bodi si mimi?

Tarehe 12, karani wa shule, Bi Minal, mzaliwa wa Nakuru, alinikuta langoni mwa shule nikiwa na mfuko wa sukari.

"Mzee, hiyo sukari ni ya nani?"

"Ya shule."

"Shule haijanunua sukari. Peleka kama jirani, tafadhali."

"Jirani yake ni Harbans, naye alishapeleka."

Nilikwenda. Nikasema shule imekuja kuwapa pole. Dative akabandika chai.

Kesho yake wakili wa shule aliniita. Alisema nimekubali kosa kwa niaba ya kampuni bila kutumwa. Nikauliza kama nitashtakiwa. Akasema nisiwe na hofu, wajumbe wa bodi wana kinga. Nikauliza ya Déborah iko wapi. Akanisogezea karatasi nitie sahihi kwamba nilikwenda kama jirani tu. Nikiitia sahihi, Dative hana pa kuanzia madai yake. Vidole vya mtoto bado havikunjiki, na daktari hajaahidi kitu.

Sikuitia. Nimetolewa kwenye bodi. Narudia, ili isomeke hata mahakamani: sukari ilikuwa ya shule.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, ni yangu.

(Sahihi) S. Mushagalusa

Maelezo ya ofisa: Shahidi alikuwa mtulivu. Nilipita shuleni leo asubuhi kabla ya kumhoji. Goli lipo palepale. Mifuko ya mchanga haipo.
Konstebo Charanjit Gill