Karatasi ya Helmi Kwenye Kisanduku cha Maktaba

Urho, rafiki yangu, uko? Nimetoka maktaba sasa hivi, hata buti sijavua.

Ile habari ya marehemu mke wangu niliiandika yote, nikaitia kwenye kisanduku cha kikundi chetu cha hadithi, bila jina kama wenzangu. Leo Kerttu, mkutubi, amewasomea wanakikundi wote. Jinsi Helmi alivyougua usahaulifu akanisahau, akanidhania mwizi, akanifungia nje, nikawa nalala saunani, kwenye kibanda cha kuogea mvuke.

Wamecheka, Urho. Wamecheka.

Pentti kasema, "Huyu si Taisto na uongo wake? Juzi samaki kamburuta na mtumbwi, leo mke kamfungia nje."

Kerttu anafuta machozi ya kicheko. "Mzee wewe, huishiwi vituko."

Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Sasa wanataka niandike Helmi alivyonifungulia mlango.

Hakunifungulia, Urho. Mpaka anakufa ananiita mwizi.